Kompyuta Kuukuu na Picha za Mbali

Msomaji, ukifika mtaa wa Burumba, mjini Busia, upande wa Kenya, hutakuta jumba la makumbusho wala mnara wa ukumbusho wa vita. Utakuta nyumba za watu, maduka, waendesha boda boda wanaovusha abiria mpakani, na malori marefu yanayongoja zamu ya kuingia Uganda. Mtu aweza kudhani kwamba mahali kama hapa hapana historia ya kuandikwa. Dhana hiyo si kweli. Historia haikai katika majumba ya wafalme peke yake. Hukaa pia juu ya meza ya sebuleni, chini ya kitambaa cha kufumwa, mahali ambapo watu wengi wa mtaa huu waliweka televisheni zao. Na katika nyumba kadhaa za Burumba televisheni hiyo haikuwa televisheni hasa, bali ilikuwa kompyuta kuukuu.

Nataka tuifuate habari ya chombo hicho tangu mwanzo hata mwisho wake. Nia yangu si kukusimulia mambo ya mitambo tu. Iko hoja moja ambayo ningependa uipime mwenyewe. Watu husema kwamba vyombo huzeeka kama wanadamu wanavyozeeka, nao husema hivyo kana kwamba ni amri ya maumbile. Mimi naona sivyo. Chombo huchakaa kwa kutumiwa, lakini huzeeshwa na maamuzi ya watu. Na watu hao aghalabu huwa mbali sana na nyumba ambamo chombo kinatumika.

Tuanze na televisheni. Jina lake ni la kigeni, na maana yake ni kuona mbali. Tarehe 26 Januari 1926, mjini London, Mskoti aliyeitwa John Logie Baird aliwaonyesha wataalamu picha zinazokwenda, zilizopelekwa kwa umeme kutoka chumba kimoja hadi kingine. Miaka 10 baadaye, tarehe 2 Novemba 1936, shirika la BBC lilianza katika mji huo huo kutangaza picha kwa watu wote waliokuwa na vyombo vya kupokelea.

Kwetu Afrika Mashariki televisheni ilichelewa kufika, lakini ilipofika ilifuatana na uhuru. Nchini Kenya ilianza mwaka 1962, na mtambo wa kwanza wa kurushia picha uliwekwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, karibu na Nairobi. Uganda, ambayo ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, ilianzisha televisheni yake mwaka 1963. Mwaka 1964 serikali ya Kenya ililitwaa shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya. Mwaka 1970 kituo cha pili kikafunguliwa Mombasa, na mwaka 1978 picha za rangi zikaanza kuonekana. Kwa muda wa karibu miaka 30 hapakuwa na sauti nyingine katika televisheni ya Kenya ila ya serikali, mpaka kituo cha kwanza cha watu binafsi, KTN, kilipoanza mwaka 1990.

Angalia sasa ramani, msomaji. Busia iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Nairobi, lakini hatua chache tu kutoka Uganda. Mawimbi ya televisheni husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, na mlima ukisimama njiani huyazuia. Kwa sababu hiyo picha kutoka mji mkuu hazikuweza kutufikia ila kwa kupokezanwa na minara mingi, mmoja ukimpa mwenzake. Lakini mawimbi yana sifa nyingine njema: hayaonyeshi hati ya kusafiria. Mtu wa Busia au Malaba aliyekuwa na antena ndefu aliweza kuielekeza mashariki akaiona nchi yake, kisha akaigeuza magharibi akawatazama majirani. Watoto wa mpakani walikua wakisikia habari za bunge mbili na nyimbo za taifa mbili, nao hawakuona ajabu.

Hiyo ndiyo habari ya televisheni. Sasa tuitazame kompyuta, kwa maana wawili hawa walikutana mapema kuliko watu wengi wanavyofikiri. Walikutana kwanza katika karatasi ya serikali. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, nayo iliwekwa katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali hiyo ilitoa amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na katika amri hiyo hiyo ikataja televisheni pia. Nchi ilikuwa changa, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na wakuu waliona kwamba mashine hizo ni mzigo. Marufuku hayo yalikaa hata miaka ya 1990 ilipoingia, na ndiyo miaka hiyo Tanzania Bara ilipopata vituo vyake vya televisheni, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni yake, tena ya rangi, tangu mwaka 1973. Hatuna haja ya kuwacheka waliotoa amri ile. Tuikumbuke tu kwa sababu inaonyesha jambo tutakalolikuta tena mbele: karatasi moja iliyotiwa sahihi mjini yaweza kuamua kitakachowekwa, au kisichowekwa, katika sebule za watu wa nchi nzima.

Mara ya pili televisheni na kompyuta zilikutana majumbani huko Ulaya na Marekani. Mwaka 1982 zilitoka kompyuta ndogo za nyumbani, kama vile ZX Spectrum ya Uingereza na Commodore 64 ya Marekani. Mnunuzi alipewa mashine yenye vidude vya kubonyeza, lakini hakupewa kioo. Kioo alikuwa nacho tayari, nacho kilikuwa televisheni ya familia. Mtoto aliunganisha kompyuta yake na televisheni ya baba yake, na baba alipotaka kusikiliza habari ilimbidi mtoto asimame. Kwa hiyo hapo mwanzo kompyuta ndiyo iliyokuwa mpangaji, na televisheni ilikuwa mwenye nyumba.

Lakini mpangaji akatajirika. Kompyuta za ofisini zilitengenezewa vioo vyao wenyewe, vyenye kuchora herufi ndogo bila kuyaumiza macho, na vioo hivyo vikaacha desturi za televisheni. Hapa nakuomba uwe na subira kidogo, maana bila hesabu hii habari yote iliyosalia haitaeleweka. Mtindo wa televisheni uliotumika Kenya na Uganda uliitwa PAL. Picha moja ya mtindo huo ilikuwa na mistari 625, na kila sekunde zilipita picha 25. Zidisha, nawe utapata mistari 15,625 kwa sekunde. Kioo cha kompyuta cha mtindo wa VGA, uliotokea mwaka 1987, kilichora mistari takriban 31,500 kwa sekunde. Ni kama mwanafunzi anayeandika imla upesi mara mbili kuliko mwalimu anavyosoma. Wote wawili wanajua kazi yao, lakini hawawezi kwenda pamoja. Ndiyo maana mtu hawezi kuchukua waya wa antena akauchomeka tu katika kioo cha kompyuta, akatumaini kuona picha.

Ili wapatane, alihitajiwa mkalimani. Mkalimani huyo alikuwa wa aina mbili. Aina ya kwanza ilikuwa kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta. Kadi hiyo ilipokea mawimbi kutoka antena, ikayageuza kuwa tarakimu, na tarakimu hizo zikapelekwa katika kioo. Kazi hiyo si ndogo. Picha moja ya PAL iliyogeuzwa tarakimu ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, yaani nukta 414,720. Kwa picha 25 za kila sekunde, ni nukta 10,368,000. Na kwa kuwa kila nukta ilihitaji baiti mbili, zilipita baiti zaidi ya milioni 20 katika sekunde moja. Njia za ndani za kompyuta za miaka ya 1980 zilikuwa nyembamba mno kwa mzigo huo. Mwaka 1992 ilitolewa njia mpya iliyoitwa PCI, iliyoweza kubeba hata baiti milioni 133 kwa sekunde, na hapo ndipo kadi za televisheni zilipopata nafasi ya kufanya kazi vizuri. Mwaka 1993 kampuni ya Apple iliuza kompyuta nyeusi yenye televisheni ndani yake, lakini mwenye nayo alilazimika kuchagua, ama afanye kazi ama atazame. Zilitengenezwa zipatazo 10,000 tu, kisha zikaachwa.

Aina ya pili ya mkalimani ilikuwa kisanduku kidogo cha nje, na ndicho kilichofika Burumba kwa wingi zaidi. Kisanduku hicho kilipokea picha kutoka antena, kikaiweka katika kumbukumbu yake kwa muda mfupi mno, kisha kikaisoma upya kwa mwendo unaokubaliwa na kioo cha kompyuta. Uzuri wake ni kwamba hakikuhitaji hata kompyuta yenyewe iwe inafanya kazi. Kompyuta ingeweza kufa kabisa, kioo chake kikaendelea kuishi kama televisheni.

Na vioo vilikuwepo. Katika miaka ya 2000 ofisi na shule za nchi tajiri zilikuwa zikitupa vioo vya zamani, vile vinene vyenye kisogo kama cha ndovu, na kununua vyembamba. Vile vya zamani vilikuwa vizima bado. Vilipakiwa katika makontena pamoja na kompyuta zake, vikaletwa Mombasa, vikapanda barabara kuu mpaka miji ya bara. Watu hawakukubaliana juu ya biashara hiyo. Wengine waliisifu kwa kuwa ilimpa mtu wa kipato kidogo chombo ambacho hangeweza kukinunua kipya. Wengine waliilaumu, wakisema kwamba wenzetu wanatuletea takataka, kwa kuwa vioo vile vina madini ya risasi ndani yake, na risasi ni sumu ikiingia katika udongo na maji. Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilitangaza katika bajeti yake kwamba itazuia uingizaji wa kompyuta, televisheni na majokofu yaliyokwisha kutumiwa. Ukisimama mpakani Busia siku hizo ungeweza kuviona vioo vya aina moja vikihesabiwa kuwa bidhaa upande huu, na kuwa takataka upande wa pili. Kioo kilikuwa kile kile. Kilichobadilika kilikuwa sheria.

Mjomba wangu alinunua kompyuta ya namna hiyo kwa nia njema. Alitaka sisi vijana wa nyumbani tujifunze kupiga chapa. Tulijifunza kwa muda wa miezi minane, kisha siku moja radi ikapiga, mashine ikanyamaza, na kioo peke yake kikapona. Mjomba akakiweka kabatini. Kilikaa huko mpaka mzee mmoja fundi wa redio, ambaye alikuwa na meza yake sokoni, alipokuja kutusalimu akakiona.

"Mwanangu," akamwambia mjomba, "mbona umemzika mtu aliye hai?"

Mjomba akacheka, akamwuliza atamfufuaje. Mzee akarudi siku ya pili na kisanduku, rimoti, na spika mbili ndogo, kwa kuwa kioo cha kompyuta hakina sauti. Kabla ya jua kutua, nyumba yetu ilikuwa na televisheni.

Nakumbuka usiku wa tarehe 2 Julai 2010. Kombe la Dunia lilikuwa likichezwa Afrika kwa mara ya kwanza, huko Afrika Kusini, na Ghana ilikuwa imebaki peke yake kutoka bara letu. Majirani walijaa sebuleni, wengine wakasimama dirishani. Walikuwamo Wakhayo, Wateso na Wasamia, na madereva wawili wa malori kutoka Uganda ambao walikuwa wamelala njiani kungoja mpaka ufunguliwe. Kuelekea saa sita za usiku Ghana ikapata penalti katika dakika ya mwisho kabisa. Asamoah Gyan akapiga, mpira ukagonga mwamba wa juu. Baadaye Uruguay ikashinda kwa penalti 4 kwa 2. Hakuna aliyesema neno. Watu waliaga mmoja mmoja kama watu watokao matangani. Siku hiyo hapana hata mmoja katika chumba kile aliyekumbuka kwamba anatazama kioo kilichotupwa na ofisi fulani ya ng'ambo. Kwa kazi ile, kioo chetu hakikuwa kikuukuu hata kidogo.

Lakini uamuzi wa kukizeesha ulikuwa umekwisha kutolewa miaka minne kabla ya usiku ule. Mwaka 2006, mjini Geneva, wajumbe wa nchi nyingi, nchi zetu zikiwamo, walikubaliana kwamba televisheni ya zamani, iliyoitwa analogi, itaacha njia na kuipisha televisheni ya tarakimu, yaani dijitali. Siku ya mwisho iliwekwa: tarehe 17 Juni 2015. Sababu zao hazikuwa za kipuuzi. Katika mtindo wa analogi kila kituo kilitaka nafasi nzima ya masafa kwa ajili yake peke yake. Katika mtindo wa dijitali vituo vingi vyaweza kugawana nafasi moja, na masafa yanayosalia yakatumiwa kwa simu na intaneti. Mgala muue na haki yake umpe: mabadiliko yale yalikuwa na faida ya kweli.

Kenya ilizindua matangazo ya dijitali mwezi wa Desemba 2009, wakati wa Rais Mwai Kibaki. Tanzania ilitangulia kuzima analogi, ikianza na Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Huku Kenya mambo yalikwenda kwa kusuasua. Kwanza, nchi ilianza na mtindo mmoja wa dijitali, kisha ikahamia mtindo wa pili ulio bora zaidi, na ving'amuzi vya mtindo wa kwanza havikuweza kuusoma ule wa pili. Kumbe hata kitu kipya kutoka dukani chaweza kuzeeshwa kabla hakijapata vumbi! Pili, palitokea ugomvi mkubwa kati ya serikali na wenye vituo vya televisheni, kwa sababu haki ya kusambaza mawimbi ya dijitali ilikuwa imepewa wengine, na wenye vituo walitaka wawe na yao. Kesi ilipanda hata Mahakama ya Juu, ambayo ilitoa hukumu yake tarehe 29 Septemba 2014. Ugomvi haukuisha hapo. Tarehe 14 Februari 2015 mitambo ya analogi ya vituo vikubwa ilizimwa, na NTV, KTN, Citizen na QTV vikatoweka hewani. Vilikaa kimya kwa muda wa wiki mbili na zaidi, vikarudi mapema mwezi wa Machi. Wahenga walikwisha kusema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika siku zile Wakenya wengi walijifunza kwamba picha iliyo sebuleni mwao haikuwa yao kama walivyodhani.

Mwaka huo huo minara ya zamani ikaendelea kuzimwa, sehemu baada ya sehemu, hata zamu yetu ya magharibi ikafika. Jioni moja kioo cha mjomba kilijaa chenga nyeupe zinazotetemeka, na sauti ya mvua isiyokuwepo. Mjomba hakukata tamaa. Alipanda juu ya nyumba, akaigeuza antena kuelekea Uganda, na kwa muda tuliishi kwa fadhila za majirani. Lakini Uganda nayo ilikuwa imeweka sahihi kule Geneva. Ilianza kuzima jijini Kampala katikati ya mwaka 2015, kisha sehemu nyingine zikafuata. Picha za upande ule nazo zikakatika. Kwa mara ya kwanza tangu nilipozaliwa, antena ya Burumba haikuwa na pa kugeukia.

Tafakari, msomaji, ni kitu gani kilichoharibika katika nyumba ile. Kioo kilikuwa kizima. Kisanduku kilikuwa kizima. Antena ilisimama, na umeme ulikuwepo. Hapana waya uliokatika wala taa iliyoungua. Hata hivyo mali yote ile ilikuwa imegeuka bure, kwa sababu lugha iliyozungumzwa hewani ilikuwa imebadilishwa. Mtu mwenye uwezo alikwenda dukani akanunua televisheni mpya yenye king'amuzi ndani yake. Mtu asiye na uwezo aliona aibu, akakitupa kioo chake nyuma ya nyumba, akidhani kwamba amesimamishwa na uzee wa chombo. Niliona vioo vya namna hiyo vimelala katika mitaro ya mtaa wetu, na mvua ikivinyeshea, pamoja na risasi iliyomo ndani yake.

Mzee fundi alikuja tena. Safari hii hakuleta kisanduku, alileta swali. Aligeuza kile kisanduku chetu cha zamani, akaonyesha nyuma yake tundu la mviringo la rangi ya njano, ambalo kwa miaka yote mitano hatukuwahi kulitumia.

"Tundu hili ni la nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimekwisha kusomea ualimu, nami niliona haya kusema kwamba sijui. Lakini ukweli ndio huo, nikamjibu, "Sijui, mzee."

"Basi usitupe kitu kabla hujakijua," akasema.

Tundu lile lilikuwa mlango wa picha inayotoka si katika antena bali katika chombo kingine, kama vile mashine ya kanda za video. King'amuzi cha dijitali, ambacho kiliuzwa kwa shilingi elfu kadhaa, kilikuwa na tundu la njano kama lile la kutolea picha, ili kiwafae watu wenye televisheni za zamani. Mjomba alinunua king'amuzi kisicho na malipo ya kila mwezi. Mzee akachukua waya mmoja mfupi, akaunganisha njano na njano. King'amuzi kikafanya kazi ya kusoma lugha mpya ya hewani, kazi ngumu yenye hesabu nyingi ambayo kompyuta za zamani hazikuweza kuifanya upesi. Kisanduku cha zamani kikafanya kazi yake ile ile ya ukalimani, cha kale kikageuza mwendo wa mistari. Na kioo, kama kawaida yake, kikaonyesha. Chenga zikaondoka. Habari za saa moja zikaanza.

Wahenga hutuambia, usiache mbachao kwa msala upitao. Wengi huisikia methali hiyo kama sifa ya kung'ang'ania mambo ya zamani. Mimi sikuionja hivyo siku ile. Mzee fundi hakukataa king'amuzi kwa kuwa ni kipya, wala hakukitupa kioo kwa kuwa ni cha zamani. Alijua kila chombo kinafanya kazi gani, kwa hiyo aliweza kuona ni kipi kilichokufa na ni kipi kilichonyang'anywa kazi tu. Asiyejua hulazimika kununua vyote upya, kisha hungoja kuambiwa tena kwamba vyote vimezeeka.

Kioo kile hakikuishi milele. Miaka kadhaa baadaye rangi zake zilianza kufifia, nyekundu ikatangulia, na mwishowe kikazimika chenyewe usiku wakati hapana mtu aliyekuwa akikitazama. Hicho kilikuwa kifo cha haki: kilikuwa kimechakaa kwa kutumika. Mjomba hakukitupa mtaroni. Alimpa mzee fundi, ambaye alitoa ndani yake vitu vinavyofaa, kwa uangalifu mkubwa, maana kioo cha namna hiyo hukaa na umeme wenye nguvu za kuua hata baada ya kuchomolewa. Mwanafunzi asijaribu kamwe kukifungua.

Nami nikiwa mwalimu, nimejiuliza kwa nini nikuandikie habari ya kioo kimoja cha Burumba, ilhali vitabu vyako vya historia vimejaa vita, mikataba na majina ya magavana. Nimeona sababu yake ni hii. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 ni mkataba kama ile mingine unayoisoma. Mipaka ya nchi zetu ilichorwa na watu waliokaa mezani mbali na Busia, na mpaka leo malori husimama kwa ajili ya mstari ule. Masafa ya hewani nayo yana mipaka yake, na yaligawanywa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba safari hii wajumbe wetu walikuwamo chumbani. Kesho watakuwamo tena, wakiamua simu ipi iendelee kusikika na kompyuta ipi ifungiwe mlango. Huenda mmoja wa wajumbe hao akawa wewe unayesoma ukurasa huu.

Siku hiyo ikifika, kumbuka sebule. Uliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi: jambo hili linamfaa nani, litamgharimu nani, na aliye na chombo cha zamani ameachiwa tundu gani la kupitia? Yule aliyeacha tundu la njano nyuma ya king'amuzi hakulijua jina la mjomba wangu, wala hakupata kuiona Burumba. Lakini alikumbuka kwamba duniani wako watu ambao hawawezi kununua kila kitu upya, na kwa sababu ya kumbukumbu hiyo ndogo nyumba moja mpakani ilipata tena kuona mbali.